Utelezi Juu ya Ulimi

Notburga Reisinger alikuwa na pua iliyosifika kijiji kizima cha Hinterlohbach, na kwa wiki sita pua hiyo ilikuwa imekufa bila mtu mwingine kujua.

Ilikufa mwezi wa Februari, asubuhi ya barafu, uani mwa kiwanda cha bia cha Zellhuber. Aliteleza karibu na mlango wa maabara, akaanguka chali, kisogo kikapiga jiwe. Akainuka, akajikung'uta theluji, akacheka pamoja na waliomcheka. Jioni yake alipofunua sufuria ya nyama nyumbani hakusikia harufu yoyote. Akainamisha uso kwenye mvuke. Hakuna kitu. Akaenda bafuni, akafungua manukato aliyoletewa na binti yake, akayavuta kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa sawasawa na kunusa kioo cha dirisha.

Mtu mwingine angekwenda kwa daktari kesho yake. Lakini Notburga alikuwa mwonjaji. Kwa miaka ishirini na tisa hakuna bia iliyotoka kwa Zellhuber bila kupita kinywani mwake, na karatasi ya kuruhusu mzigo utoke haikuwa kitu bila saini yake. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kila alipojiuliza mwonjaji asiye na pua atapewa kazi gani, alikosa jibu, na kila alipokosa jibu hofu ilimpanda kifuani kama maji yanavyopanda chumba cha chini mto ukifurika.

Basi akaficha. Haikuwa vigumu, kwa sababu Severin Aigner, mpika bia mkuu, hakujua kuonja kimya. Severin alikuwa mtu wa miaka arobaini, mrefu, mwenye mdomo mwepesi, na kila siku saa tatu asubuhi walikaa pamoja mbele ya glasi.

"Karafuu imezidi kidogo leo, ama vipi, dada?" angesema.

"Kidogo tu," Notburga angejibu, akiandika.

"Lakini ndizi ipo. Ndizi mbivu hasa, ya kuanza madoa."

"Ipo," angesema Notburga, ambaye hakusikia ndizi wala karafuu wala ganda la mkate lililoungua, bali baridi tu, na utamu, na uchungu kwa mbali.

Bia waliyoionja mara nyingi zaidi ilikuwa ile nyeusi ya ngano wanayoitengenezea maduka ya Rupprich, yenye lebo ya duka lenyewe, ile inayowekwa rafu ya chini kabisa ambako mtu lazima ainame kuichukua. Wenye majivuno yao waliiinamia wakitazama huku na huku kwanza. Notburga hakupenda kusikia ikidharauliwa. "Ni kimea kilekile na maji yaleyale," angewaambia majirani. "Ninyi mnanunua picha ya mtawa kwenye lebo za bei kubwa." Na kweli, kabla ya Februari, hakuna bia aliyoipenda kuipita hiyo.

Alhamisi moja mwishoni mwa Machi, Severin hakuja kuonja. Mashine ya kuoshea chupa ilikuwa imewasumbua tangu alfajiri, kazi ilikuwa imesimama mara mbili, na maduka ya Rupprich yalikuwa yakipiga simu kuuliza mzigo wao. Kwa hiyo Notburga akaketi peke yake. Mbele yake palikuwa na chupa tatu za bia nyeusi ya ngano: moja iliyojazwa saa kumi na mbili na robo, ya pili saa moja na nusu, ya tatu muda mfupi uliopita. Vipimo vya mashine vilikuwa vimeshachukuliwa kwenye tangi, navyo vilikuwa safi. Kilichobaki ni kinywa chake.

Akamimina ya kwanza. Ilikuwa nyeusi na yenye ukungu kama inavyopaswa kuwa, ila povu lilikuwa jembamba. Akachukua funda dogo, akalizungusha, akalitema kwenye ndoo.

Utelezi. Ulimi wake uliteleza dhidi ya meno kama vidole vinavyoteleza baada ya kushika sabuni. Kisha kitu kama ncha ya sindano pembeni mwa ulimi, kikapotea.

Akaonja ya pili. Hakuna utelezi. Ya tatu pia. Akakaa akiitazama ile ya kwanza. Mtu aliyekwisha kupoteza imani na pua yake huanza kuutilia shaka na ulimi wake. Labda ndivyo kinywa kinavyofanya, aliwaza. Labda sasa na ulimi unakufa. Angeweza kumwita Severin. Alikuwa hatua arobaini tu kutoka hapo. Lakini Severin angeonja, kisha angegeuka amuulize: "Na harufu yake, dada, wewe umesikia nini?" Angemjibu nini?

Akamwaga ile chupa kwenye sinki, akafungulia maji, akatia saini.

*

Jumamosi mchana mume wake Emmeram alikuwa na furaha. Emmeram alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, sasa amestaafu, na magoti yake yalimruhusu furaha mbili tu: kucheza karata na kula. Siku hiyo Notburga alikuwa amechoma nyama ya nguruwe na kupika kabichi nyekundu, na chini ya meza palikuwa na kreti ya bia nyeusi ya ngano aliyoitoa kazini Ijumaa, kama kila mfanyakazi wa Zellhuber anavyopewa yake.

"Tazama mkono wa fundi," alisema Emmeram. Akasuuza glasi ndefu kwa maji baridi, akailaza, akamimina polepole, akabakiza kidogo, akaizungusha chupa ili hamira ya chini iamke, akamalizia. Kisha akakunja uso. "Mbona povu limelala mapema hivi? Limelala kama mama yako kanisani."

"Mwache mama yangu, amepumzika."

"Na ndiyo nasema, hata akiwa hai alipumzika."

Notburga akacheka, akageukia jiko kuchukua viazi. Mtu wa kwao hainywi bia ya ngano kwa kudonoa. Funda la kwanza huwa kubwa. Alisikia koromeo la mume wake likimeza mara mbili. Halafu akasikia glasi ikiwekwa mezani vibaya.

"Burgl," alisema Emmeram, akimwita kwa jina la nyumbani. "Hii bia inachoma."

Akageuka. Mume wake alikuwa ameshika koo kwa mkono mmoja. Midomo yake ilikuwa myekundu, mate yalikuwa yakimtoka pembeni.

"Inachoma vipi?"

"Inachoma. Kama nimemeza..." Hakumaliza. Alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na sauti ya mtu mwingine, mtu mzee kuliko yeye.

Notburga akaichukua glasi. Akachovya kidole, akakigusisha ulimini. Utelezi uleule. Ncha ileile ya sindano. Akaiweka glasi mbali na mkono wa mume wake.

Alitaka kukosea. Kwa jinsi alivyotaka kukosea, akateka kijiko cha kabichi nyekundu, akakiweka kwenye kisahani, akakimwagia ile bia. Kila mpishi wa kwao anajua kwamba kabichi ile ikiguswa na siki huzidi wekundu, na bia ya kawaida nayo ina uchachu. Kabichi haikuzidi wekundu. Iligeuka samawati, kisha, mbele ya macho yake, ikawa kijani kama kuvu wa ukutani.

Magadi. Magadi makali ya kuoshea chupa, yale yanayoletwa kiwandani kwa lori lenye alama ya mkono ulioliwa.

Akapiga namba ya dharura. Sauti ya mwanamke ikamuuliza maswali kwa utulivu uliomtia hofu zaidi. Asimtapishe. Ampe maji, kidogo kidogo. Asimlaze. Anapumua? Anapumua. Midomo inavimba? Notburga akamtazama mume wake, ambaye alikuwa amekaa wima kitini kama mtoto aliyeambiwa atulie, macho yamemtoka, akimeza na kukunja uso, akimeza na kukunja uso.

"Inavimba," alisema.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika kumi na moja. Katika dakika hizo Notburga alimnywesha maji kwa kijiko, akiomba watakatifu wote aliowajua na wengine aliowabahatisha. Na katikati ya maombi, wazo likamjia, likakaa, likakataa kuondoka: ile chupa ya Alhamisi haikuwa peke yake, na hii nayo haikuwa peke yake. Akaiinamia chupa. Saa iliyochapwa pembeni mwa lebo ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Ile aliyoimwaga ilikuwa ya saa kumi na mbili na robo. Ile ya saa moja na nusu ilikuwa safi. Katikati hapo zilikuwamo chupa maelfu kwa maelfu, na yeye ndiye aliyezifungulia mlango.

Walipomweka Emmeram kwenye machela akataka kupanda naye. Emmeram akamshika mkono. Alikuwa ameona kabichi, na alikuwa ameona uso wa mkewe ukiitazama chupa. Miaka thelathini na minne ya ndoa si mchezo.

"Zingine," alisema, kwa sauti iliyokwaruza kama msumeno. "Ziko wapi?"

"Sijui. Madukani."

"Basi unakuja kufanya nini kwangu? Nenda."

"Emmeram—"

"Nenda, mwanamke!"

Gari likaondoka. Notburga akabaki barabarani amevaa aproni, simu mkononi.

*

Sasa kuna jambo ambalo Notburga mwenyewe hakulificha baadaye, ingawa hakuna aliyemlazimisha kulisema. Kabla ya kupiga simu, alisimama. Huenda ilikuwa nusu dakika. Akawaza kwamba angeweza kusema hivi: mume wangu amefungua chupa, ina magadi. Basi. Hakuna ambaye angejua habari ya chupa ya Alhamisi. Ilikwisha kwenda na maji ya sinki. Hakuna ambaye angejua habari ya pua. Lakini akisema hivyo tu, wangetafuta chupa moja mbovu, au kreti moja. Wasingejua kwamba ni saa nzima ya kazi. Hofu mbili zilimshika, moja upande huu na nyingine upande ule, na ile ya pili ikashinda kwa sababu ilikuwa na sauti ya kikohozi cha mume wake.

Akampigia Leonore Zellhuber, mwenye kiwanda, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyerithi kazi ya baba yake.

"Bosi, ni Notburga. Usinikatize, nitashindwa kumaliza." Akayasema yote. Kuanguka. Pua. Utelezi. Saini. Kabichi. Emmeram.

Kisha Leonore akasema, kwa sauti nyembamba, "Tangu Februari, mama Notburga?"

"Tangu Februari."

"Hayo tutayazungumza. Sasa niambie saa."

"Tangu walipoanza kujaza mpaka saa moja na nusu. Baada ya hapo ni safi. Hapo katikati siamini hata moja."

"Mzigo mkubwa uko kwenye ghala kuu la Rupprich, hautoki mpaka Jumatatu. Naufunga sasa hivi na nawaita polisi na wakaguzi. Lakini pale Unterlohbach..." Notburga akasikia karatasi zikipekuliwa. "Duka la Unterlohbach lilikuwa tupu, tuliwapelekea moja kwa moja. Ijumaa asubuhi. Kreti arobaini. Za mwanzo."

Dakika chache baadaye gari la Severin likafunga breki mbele ya nyumba. Leonore alikuwa amempigia simu akiwa anaosha gari. Bado alikuwa na povu kwenye viwiko. Notburga akaingia, naye akaondoa gari kabla mlango haujafungwa. Walipita mashamba kwa kasi. Notburga alingojea matusi. Alikuwa ameyatayarishia moyo.

"Nilikuwa nadhani unanichoka," Severin alisema mwishoni, bila kumtazama. "Maana zamani tulikuwa tunabishana. Nikisema karafuu wewe unasema pilipili. Tangu Februari unanikubalia tu. Nikasema, labda nimeanza kuwa hodari."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ngoja kwanza usiombe." Akabadilisha gia. "Kwenye mashine kuna jicho la kukagua chupa, linakamata magadi yakibaki ndani. Alhamisi alfajiri lilikuwa linakataa chupa baada ya chupa. Nikasema limeharibika. Rupprich wanapiga simu, watu wamesimama, mimi nikalizima. Nikalizima, dada. Nikaliwasha tena saa moja na kitu, baada ya kuzibua bomba la maji ya kusuuzia." Akagonga usukani kwa kiganja. "Halikuwa limeharibika. Lilikuwa linasema kweli tangu mwanzo."

Notburga akamtazama. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Na nikajua hata likikosea, wewe upo," alisema Severin. "Wewe hakikupiti kitu."

Hakuna neno lililomuuma Notburga kuliko hilo, na halikusemwa kwa kumuumiza.

*

Duka la Unterlohbach lilikuwa limejaa watu wa Jumamosi. Msimamizi, mwanamke aitwaye Hiltrud aliyesoma zamani shule moja na Notburga, alikuwa ameshapigiwa simu na alikuwa amekwisha kuzifunika kreti kwa shuka la plastiki. Akazihesabu mbele yao kwa kidole. Ishirini na tisa.

"Kumi na moja zimeuzwa," alisema. "Tatu sijui nani. Moja moja, watu wa kupita. Polisi wanasema watapita na kipaza sauti. Lakini nane najua." Akashika shavu. "Nane amechukua mzee Ottfried Lechl. Leo wanafanya miaka hamsini ya ndoa, yeye na Kunigunde. Ukumbi wa zimamoto. Walianza saa nane."

Severin alitazama saa yake. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

"Umewapigia?"

"Unadhani kwa nini niko hivi? Nimepiga mara sita. Kuna tarumbeta mle ndani, nani asikie simu?"

Ukumbi haukuwa mbali, lakini Notburga baadaye alisema ile ndiyo safari ndefu kuliko zote alizowahi kufanya. Walipofungua mlango, joto na kelele vikawapiga usoni. Meza ndefu tatu, watu kama sitini, wapiga tarumbeta watatu jukwaani, na kila mahali, mbele ya kila mzee na kila shangazi, glasi ndefu za bia nyeusi ya ngano.

Severin akasimama mlangoni kama aliyepigiliwa msumari. Notburga akampita. Aproni yake ilikuwa bado kiunoni, ina doa la kabichi. Akaita, sauti ikamezwa na tarumbeta. Akaita tena. Akachukua kijiko kutoka meza ya karibu akakigonga kwenye glasi, kwa nguvu, mara nyingi, na wapiga tarumbeta wakanyamaza. Ukumbi mzima ukamgeukia. Na kwa kuwa mtu akigonga glasi harusini ana hotuba ya pongezi, watu wakacheka kwa furaha, wakasimama, wakainua glasi zao.

"Kwa maharusi!" alisema mtu.

"Msinywe!" Notburga alipiga kelele. "Msinywe! Wekeni chini! Wekeni chini, nawaomba!"

Glasi zikabaki hewani. Kutoka meza ya juu mzee Ottfried, mwenye masharubu makubwa na ua kifuani, akacheka.

"Notburga Reisinger! Najua ni bia ya bei ya chini, mke wangu ameshanisema asubuhi nzima. Lakini bia ya bei ya chini haijaua mtu bado!"

Watu wakaangua kicheko.

"Mume wangu yuko hospitali," alisema Notburga. "Amekunywa mafunda mawili. Kuna magadi ndani ya baadhi ya chupa. Magadi ya kuoshea."

Kicheko kilikufa kuanzia meza za mbele mpaka za nyuma. Halafu Notburga akaona jambo ambalo hakulisahau: watu sitini, na mikono yao ikipanda kooni mmoja baada ya mwingine. Shangazi mmoja akaanza kulia. Mwanamume mmoja akakimbilia chooni na mkewe akamfuata akimpigia kelele asijitapishe. Mtu akasema analisikia koo lake linawaka, na mara wakawa watano, kisha kumi, na hakuna aliyeweza kujua upi ni moto wa magadi na upi ni moto wa hofu.

"Nani amesikia bia inachoma alipokuwa anakunywa?" Notburga aliuliza. "Si sasa. Alipokuwa anakunywa. Utelezi kama sabuni?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeinua mkono.

Sasa Severin alikuwa amezinduka. Alikuwa na kopo la karatasi za kupimia, zile zinazogeuka rangi, akaanza meza ya kwanza. Akachovya karatasi kwenye glasi moja, akaiangalia, akapita. Akachovya nyingine. Notburga akashika upande wa pili. Kreti tano zilikuwa zimenywewa, na kwa neema isiyo na maelezo zilikuwa safi, au kama kulikuwa na baya ndani yake lilikuwa dogo mno. Karatasi baada ya karatasi ilibaki ya manjano. Watu wakaanza kupumua.

Mbele ya bibi harusi palikuwa na glasi iliyojaa, haijaguswa, povu limekwisha kabisa. Kunigunde Lechl alikuwa mwanamke mdogo wa miaka sabini na mitano, amevaa kilemba cha dhahabu cha sherehe.

"Nilimiminiwa sasa hivi," alisema. "Nilikuwa nataka kuinywa ulipogonga. Nimekuwa nikiongea tangu adhuhuri, koo limekauka."

Notburga akachovya karatasi. Iligeuka samawati iliyokoza, karibu nyeusi.

Mzee Ottfried aliitazama ile karatasi. Akaichukua glasi ya mkewe kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kabisa, mpaka mwisho wa meza, kama mtu anayesogeza bomu. Kisha akakaa, akamshika mkewe bega, wala hakusema mzaha mwingine siku ile.

Katika kreti tatu zilizobaki walipata chupa nyingine nne.

*

Hospitalini, Emmeram alikuwa chumba cha pili upande wa kushoto. Roswitha, binti yao, alikuwa amekaa kando ya kitanda, macho mekundu. Madaktari walikuwa wamemtia kamera kooni. Koo na mwanzo wa umio vimeungua juu juu, walisema, umio haujatoboka, angekaa siku nne, asiseme, asile kitu kigumu. Walisema pia kwamba funda moja zaidi na wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

Alikuwa na daftari na kalamu. Mkewe alipoingia aliandika: *Umewakuta?*

"Nimewakuta. Hakuna aliyeungua. Kreti tatu bado zinatafutwa." Akaketi. "Emmeram, kuna jambo sijakuambia. Pua yangu—"

Akainua mkono kumzuia, akaandika muda mrefu. Roswitha akageukia dirisha.

*Najua. Keki iliungua mwezi uliopita, wewe umekaa karibu na jiko unasoma gazeti. Nikajua.*

"Na hukusema?"

*Nilingoja uniambie.* Akafuta jasho, akaongeza: *Nilikosea mimi pia kungoja.*

Notburga aliinamisha kichwa kwenye shuka. Emmeram akaweka mkono kwenye kisogo chake, pale pale alipoangukia.

Wenye kreti mbili walisikia kipaza sauti cha polisi jioni ile wakazirudisha. Ya tatu ilipatikana Jumapili asubuhi kwenye buti la gari la bwana mmoja aliyekuwa amekwenda milimani. Alikuwa anaihifadhi kwa ajili ya kaka yake. Usiku wote huo Notburga hakufumba jicho, na simu ilipolia alishindwa kuipokea, Roswitha akaipokea kwa niaba yake.

Jumatatu wakaguzi walikuja, wakaandika. Notburga aliwaeleza kama alivyomweleza Leonore, na mkaguzi mmoja, kijana mwenye miwani, akamuuliza kwa nini hakumwita mwenzake kuonja. "Kwa sababu niliogopa," alisema, na mkaguzi akaandika hivyo hivyo. Severin naye akasema yake. Maduka ya Rupprich yalihamishia bia yao kiwanda kingine. Severin alishtakiwa, akatozwa faini, akaondoka kwenda kufanya kazi ya malori. Leonore hakumfukuza Notburga, wala hakumrudisha mezani. Alimweka kwenye chumba cha lebo, na ilikuwa majira ya joto kabla hawajaweza kusalimiana bila kutazama chini. Daktari wa pua alimwambia baadhi ya watu hurudiwa, baadhi hawarudiwi, na kwamba baada ya mwaka mtu huwa anajua.

Emmeram alirudi nyumbani na sauti yenye mkwaruzo, ambayo alijifunza kuitumia kutishia wenzake kwenye karata. Alikula supu ya vuguvugu, kisha viazi vilivyopondwa, kisha, mwezi wa Mei, nyama. Alirudi kuwa mtu wa mizaha. Lakini Notburga hakurudi alivyokuwa. Kila walipokaa mezani, hata kama ni maji tu, aliacha kijiko chake na kulitazama koo la mume wake mpaka lipande na kushuka.

"Nimemeza," Emmeram angesema. "Kula sasa."

Naye angeanza kula.